Bingwa wa Nani Kapanga

Msoma mita alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo aliitumia akiwa amepiga magoti. Si kwa sala. Mita za umeme za mtaa ule zilifungwa zamani, na fundi aliyezifunga, huenda alikuwa mfupi, huenda alikuwa na haraka ya kwenda kula, alizipigilia chini kabisa, ukutani mwa korido, nyuma ya milango, jirani na viatu. Basi kila mwezi mtu mzima huyu, mrefu kama ngazi ya mpaka rangi, alibisha hodi, akavua kofia, akapiga magoti, akawasha tochi, akasoma tarakimu kwa sauti ya chini kama anayemnong'oneza mgonjwa, akaziandika kwenye daftari, kisha akainuka kwa kushika ukuta. Kuta nyingi za mtaa ule zilikuwa na alama ya kiganja chake. Watu walimwita Yuniti. Jina alilopewa na wazazi lilibaki ofisini, na siku akiitwa nalo aligeuka nyuma kuona nani anaitwa.

Mita husema mengi kwa anayejua kuisikiliza. Yuniti alijua nyumba ipi mke ameondoka, kwa sababu pasi ya asubuhi ilikoma. Alijua nani amepata mtoto kabla jirani hajaambiwa, kwa jinsi taa za alfajiri zilivyoanza kula. Alijua friji ya nani imekufa na mwenyewe anaona haya kusema. Alijua, akanyamaza. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye tangu wazazi wao walipofariki, alijaribu kila namna kumchokonoa.

"Yule bwana wa ghorofani, mbona siku hizi mashati yake yana makunyanzi? Mke kaenda wapi?"

"Dada, mimi nasoma mita."

"Ndiyo nakuuliza. Mita inasemaje?"

"Inasema mia nne na kumi na mbili."

"Mungu alikunyima mdomo, mdogo wangu. Mimi ningekuwa na kazi yako, mtaa huu ungeshahama wote."

Lakini mdomo huo huo aliokuwa ameutia kufuli siku sita, Jumamosi mchana aliufungulia. Kila Jumamosi watu walikusanyika kwa kinyozi, wakasogeza viti, wakaweka ubao juu ya beseni la kuoshea nywele ukawa meza, wakacheza Nani Kapanga.

Mchezo huo aliubuni mchapaji wa kadi za harusi, mtu mwembamba mwenye wino wa kudumu kwenye kucha, aliyekuwa akiumia roho kuona vipande vya karatasi ngumu vinakatwa pembeni na kutupwa. Akavipunguza saizi ya kiganja, akaviandika, akavigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza liliitwa Tukio, la pili Mpangaji, la tatu Lengo. Mchezaji anavuta kadi moja kila fungu, kisha anasimama, na kwa dakika mbili za saa ya ukutani anaifichua njama: nani kapanga, kapanga vipi, na kwa nini wataalamu wote wamenyamaza. Kila msikilizaji ana vifungo vitatu vya shati. Ukimchekesha, anatia kimoja kwenye kopo lako. Ukimfanya aseme, bila kutaka, "Ngoja kwanza...", vyote vitatu ni vyako.

Halafu kulikuwa na kanuni ya chumvi. Mpinzani wako akiwa anaongea, una haki, mara moja tu katika mchezo mzima, ya kupiga meza na kusema "Chumvi!" Hapo unaongeza jambo moja juu ya njama yake. Njama yenyewe ni uongo mtupu, lakini chumvi lazima iwe kweli, tena mtu mwingine aliyepo aithibitishe papo hapo. Ikikolea, vifungo vyote vya njama ile vinahamia kwenye kopo lako. Isipothibitishwa, unatoa vyako kumi. Mchapaji, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, aliipenda kanuni hii kuliko mwanawe. Bila chumvi, alisema, ni watu wazima wanaopiga kelele tu.

Na Yuniti alikuwa hatari. Kuna Jumamosi alivuta Tukio: soksi moja kupotea kila unapofua. Mpangaji: paka wote. Lengo: kuahirisha mitihani. Akasimama, akakohoa, akaziangalia zile kadi kwa huzuni kama mtu aliyepewa majibu ya maabara.

"Ndugu zangu, nani analala juu ya nguo zilizofuliwa? Msinijibu, mnamjua. Sasa, anachukua soksi moja, ya kushoto. Mwalimu anaamka asubuhi, anaitafuta. Anatafuta kabatini, haipo. Anainama chini ya mvungu. Na mvunguni yuko nani? Yuko yeye, anamwangalia, anafumba jicho moja. Saa mbili imegonga, wanafunzi wamekaa, karatasi zimegawiwa, na mwalimu mkuu mzima yuko mvunguni anabembeleza: ‘Mpe baba, mpe baba.’"

"Ngoja kwanza," alisema kinyozi, wembe umesimama hewani, "mke wangu mwalimu, na wiki iliyopita kweli..."

Watu walivunjika mbavu. Mteja aliyekuwa kwenye kiti alicheka mpaka akaondoka na nusu ya ndevu, akarudi kesho yake kuiondoa nusu nyingine.

Kinyozi ndiye aliyekuwa mpinzani wake mkubwa. Alikuwa na sauti ya mtangazaji, na miaka mingi ya kushika vichwa vya watu ilikuwa imemfundisha kwamba mtu aliyefungwa shuka shingoni hukubali chochote. Msimu ule wote walikuwa wakipokezana, leo huyu, kesho yule, mpaka ikatangazwa fainali ya bingwa wa mwaka, Jumapili saa nane mchana.

Sasa, fainali hiyo Yuniti hakuitaka kwa ajili ya kombe. Kombe lenyewe lilikuwa kikombe cha zamani cha sabuni ya ndevu kilichopakwa rangi ya dhahabu. Aliitaka kwa ajili ya fundi cherehani.

Fundi cherehani alikuwa mjane wa miaka arobaini na tano, mwenye kibanda cha kushonea mtaa wa pili na nyumba ya vyumba viwili iliyopakana ukuta na duka la kinyozi. Nyumba yake Yuniti aliisoma ya kwanza, saa moja asubuhi, kabla mwenyewe hajaenda kazini. Miaka miwili kabla ya fainali ile, asubuhi moja, alipiga magoti kwenye korido yake akaona jambo lisilo la kawaida.

"Fundi, umezima kila kitu?"

"Kila kitu, Bwana Mita. Ndiyo nataka kutoka hivi."

"Mbona kisahani kinatembea?"

Kile kisahani cha ndani ya mita kilikuwa kinazunguka polepole sana, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa kwa ncha za vidole. Yuniti akadhani kuna waya uliochubuka. Akainuka, akafuata ukuta kwa sikio, na nyuma ya mlango wa chumba cha kulala akasikia sauti ya mwanamume. Akarudi nyuma hatua mbili, akavaa kofia, akaivua tena.

Fundi cherehani alishika tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni. Kisha akafungua mlango ule. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, na juu ya stuli redio kubwa ya zamani, ikisoma bei za mazao.

"Ni ya marehemu," alisema. "Alifariki miaka miwili iliyopita. Alikuwa haizimi. Tuligombana sana kwa sababu ya hiyo redio. Sasa na mimi siizimi. Nikirudi jioni nikafungua mlango nikakuta kimya, naona kama amekufa leo."

Yuniti akarudi kwenye mita, akapiga magoti tena. Akaandika tarakimu. Akasema, "Haili sana, fundi. Iache." Na hilo la redio likawa jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuambiwa katika kazi yake, akalitunza peke yake. Hata dada yake hakumwambia.

Tangu siku ile kulikuwa na kiti kwenye korido. Hakuna aliyesema kimewekwa kwa ajili ya nani, lakini fundi mwenyewe hakukikalia. Yuniti alisoma mita, akakaa dakika tano, wakaongea: vitambaa, magoti yake, dada yake. Dakika tano zikawa kumi. Wiki tatu kabla ya fainali akapiga moyo konde, akamwomba wafunge ndoa. Alilisema akiwa bado chini, na tochi imewaka mkononi, ikimulika viatu.

Fundi hakucheka wala hakukasirika. "Nipe nafasi nifikiri," alisema. "Halafu, Bwana Mita, mimi nakujua ukiwa umepiga magoti. Ukiwa umesimama na watu sijawahi kukuona. Nasikia Jumamosi unakuwa mtu mwingine. Nataka nimwone na huyo."

"Njoo fainali," alisema Yuniti.

"Nitakuja. Nikishakuona nitakujibu."

Wiki hizo tatu dada yake alimsikia akiongea peke yake bafuni. Alimsikia akiwashtaki madaktari wa meno, njiwa, na watengenezaji wa miavuli. Alimpigia pasi shati jeupe mara mbili.

"Ukishindwa je?" dada alimuuliza.

"Sishindwi."

"Mwanamke kasema anataka kukuona. Hajasema anataka ushinde."

"Dada, utanitia mkosi."

Jumapili ile duka la kinyozi lilijaa mpaka mlangoni. Fundi cherehani alikuja na gauni la kijani, akakaa karibu na kioo, na alikuwa ameleta kopo zima la vifungo, maana vya mchapaji visingetosha watu kumi na tano. Alipoingia, Yuniti alimwona mara mbili, yeye na wa kwenye kioo, akasahau kadi ya kwanza aliyovuta ilisema nini.

Akajikaza. Njama yake ya kwanza, kwamba viti vya ofisini hulia kwa sababu vinapeana habari, ilimpa vifungo kumi na saba. Ya pili ikaenda vizuri zaidi. Alipomaliza ya tatu, fundi alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya tepu yake, na kopo la Yuniti lilikuwa mbele ya la kinyozi kwa vifungo kumi na viwili. Kinyozi alikuwa amebakiza njama moja.

Mchapaji akachanganya kadi. "Kwa heshima ya siku ya leo," alisema, "nimeongeza kadi mbili kwenye fungu la Mpangaji. Moja nimeandika Kinyozi. Nyingine nimeandika Msoma Mita."

Watu wakapiga makofi. Kinyozi akavuta. Tukio: mtaa mzima kujua habari zako kabla hujazijua wewe. Lengo: kuitawala dunia. Akaigeuza ile ya Mpangaji polepole, akawaonyesha watu bila kusema neno, na duka likalipuka.

"Mheshimiwa mwamuzi, na ninyi mashahidi," alianza kinyozi, akijifunga shuka begani kama wakili. "Nani anayeingia kila nyumba bila kuitwa? Daktari anaitwa. Fundi bomba anaitwa, na haji. Huyu haitwi, na anakuja! Anapiga magoti. Mnadhani anasoma? Anaripoti! Nimemwona kwa macho yangu, mdomo umegusa mita, ananong'ona. Tarakimu gani za kunong'onwa, kwani zina mimba? Na daftari lile, nani kati yenu aliwahi kulisoma? Halafu tazameni ukutani kwenu. Kiganja! Kila nyumba ina kiganja. Chukueni ramani ya mtaa, unganisheni viganja vyote kwa kalamu, mtaona kinachotokea."

"Kinatokea nini?" aliuliza mtu wa mlangoni.

"Sura yake! Na kofia!"

Yuniti mwenyewe alikuwa anacheka mpaka machozi. Ni kweli ilikuwa njama tamu. Lakini katikati ya kicheko aliona vifungo vinavyodondoka kwenye kopo la kinyozi, akahesabu kwa jicho la mtu aliyeishi kwa tarakimu: kumi, kumi na tatu, kumi na tisa. Akatazama kwenye kioo. Fundi cherehani alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika, na macho yake yalikuwa kwa kinyozi. Nusu dakika ilikuwa imebaki. Yuniti akapiga meza.

"Chumvi!"

Kinyozi akanyamaza, mikono juu. Duka zima likageuka.

Hapo ndipo Yuniti alipotafuta jambo la kweli. Yalimjia mengi, foleni nzima: pasi iliyokoma, friji iliyokufa, taa za alfajiri. Kila moja lilikuwa na mwenyewe, na wenyewe walikuwa wamekaa mle mle, wengine na wake zao. Hakutaka kumuumbua mtu. Akatafuta la kweli lisilo na aibu ndani yake, lisilo na ugomvi, na moja likamng'alia kuliko yote. Kwa uzuri wake akadhani halina makali.

"Kuna nyumba mtaa huu," alisema, akishusha sauti kama alivyozoea, "mwenyewe yuko kazini kutwa. Milango imefungwa. Ndani hakuna hata panya. Na kisahani kinatembea. Miaka minne, ndugu zangu, redio inaongea na kitanda. Asubuhi bei za mazao, mchana matangazo ya vifo. Niambieni, inamwambia nani?"

"Nani anathibitisha?" aliuliza mchapaji.

"Mimi!" alipaza sauti kinyozi. Alikuwa mtu wa mchezo kweli kweli. Kwa furaha ya chumvi ile alisahau kwamba anajinyima ushindi mwenyewe. "Mimi nathibitisha! Ukuta wangu huu hapa! Naisikia kutwa, nikidhani nina wazimu! Jamani, ni kwa fundi!"

"Ngoja kwanza," alisema mmoja.

"Ngoja kwanza," alisema mwingine, "kumbe mpokeaji wa ripoti ni fundi?"

"Fundi, makao makuu wanasemaje?"

"Ndiyo maana nguo yangu imechelewa!"

Kicheko kilitikisa kioo. Fundi cherehani alikuwa bado na lile tabasamu alilopewa na kinyozi. Lilikuwa limekwama usoni, halijui pa kwenda. Alimtazama Yuniti, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma tarakimu, anazisoma tena, ahakikishe hakukosea. Vifungo vilimiminika kopo moja hadi jingine kwa mlio wa mvua juu ya bati, na mchapaji akapanda kwenye stuli akamtangaza bingwa.

Walimbeba. Walimkalisha kwenye kiti cha kinyozi, wakamtia kile kikombe mkononi, wakakizungusha kiti. Kila mzunguko Yuniti aliona kioo, mlango, kioo, mlango. Mzunguko wa kwanza fundi alikuwa amesimama, ananyoosha gauni. Wa pili alikuwa mlangoni.

"Hongera, Bwana Mita," alisema, na ajabu, sauti yake ilisikika katikati ya kelele zote zile. "Vifungo mkimaliza mtaniletea. Vile vya bluu ni vya mteja."

Mzunguko wa tatu ulikuwa mlango mtupu.

Jioni ile, jua bado lipo, alikwenda kubisha hodi kwake.

"Nani?"

"Mimi, fundi."

"Mita umeshaisoma mwezi huu."

Alisimama mbele ya mlango ule mpaka jirani akamwuliza kama umeme umekatika.

Dada yake alikuwa amekwisha kupata habari yote, mpaka idadi ya vifungo. Alimwekea chakula, akakaa mbele yake bila kula.

"Miaka ishirini na sita nakuomba uniambie habari za watu," alisema. "Hukunipa hata moja. Mimi dadako, niliyekubeba mgongoni. Nikajisemea, haya, kaumbwa hivyo, mtu wa siri. Kumbe ulikuwa unangoja watu waongezeke."

"Sikutaja jina."

"Hukutaja. Ulimwachia kinyozi."

Kikombe cha dhahabu kilikuwa kwenye meza katikati yao, na kwa karibu rangi yake ilikuwa imeanza kumenyeka.

Jumatatu, mwezi mpya ukiwa umeingia, alianza mzunguko wake kama kawaida. Nyumba ya kwanza, ile ya saa moja, alikuta karatasi imebandikwa mlangoni kwa pini ya kushonea, tarakimu tano na tarehe, mwandiko wa mkono wa fundi. Zilikuwa sahihi, mtu yeyote angeona zinaendelea kutoka zile za mwezi uliopita. Akaziandika akiwa amesimama. Ilikuwa mara ya kwanza kusoma mita ile bila magoti kuuma.

Nyumba ya pili walimpokea kwa kelele. "Zimeni redio, mpelelezi kaingia!" Nyumba ya tatu bwana wa makunyanzi alicheka, akampiga begani, kisha Yuniti alipoinama kwenye mita, yule bwana akaja akasimama nyuma yake, karibu sana, akiangalia anachoandika. Wiki hiyo yote ilikuwa ya utani. Wiki ya pili utani uliendelea lakini kicheko kilikuwa kifupi. Mwanamke mmoja alimwambia asubiri nje kwanza, akamsikia ndani akichomoa vitu ukutani, kimoja kimoja. Mwingine akamwambia mumewe amekataza. Kufikia mzunguko wa mwezi uliofuata karatasi zilikuwa zimebandikwa kwenye milango kumi na minne, nyingine zina tarakimu za uongo wa wazi, mita zinazorudi nyuma. Watu wale wale waliompigia makofi kwa njama iliyobuniwa walikuwa wamebaki na lile jambo moja la kweli, na lilikuwa linawatosha.

Alikwenda kwa kinyozi siku ambayo si ya mchezo.

"Waambie basi ulikuwa utani," alisema. "Wewe ndiye uliyeileta ile njama."

Kinyozi alikuwa ananoa wembe, na hakuinua macho. "Njama yangu ilikuwa na ramani na kofia, kaka. Hakuna aliyefunga mlango kwa sababu ya kofia." Akanoa kidogo. "Mimi mwenyewe sijapona. Namuona fundi anapita hapa kwenda kazini, natafuta kitu cha kushika. Ukuta sasa hauna sauti. Nilikuwa nimezoea, unajua? Nilikuwa nafuatilia mpira humo humo ukutani."

"Kaizima?"

"Tangu Jumapili ile."

Yuniti akatoka bila kuaga. Jumamosi iliyofuata walimngoja mpaka saa kumi, kisha wakacheza bila yeye.

Ofisi haikumfukuza. Mkuu wake, mtu mpole aliyekaribia kustaafu, alimwonyesha rundo la malalamiko, akamwambia hakuna kosa lolote la kikazi, ila msomaji asiyefunguliwa mlango hana anachosoma. Akamtoa mtaani akampa dirisha namba tatu: maombi na uhamisho. Kiti kilikuwa na mto. Mtaa ukapewa mtu mwingine, mfupi, aliyeinama bila kupiga magoti, asiyejua chochote.

Fundi cherehani alifika dirisha namba tatu mwezi wa nne tangu fainali. Alikuwa amepanga foleni nyuma ya watu sita, na Yuniti alimwona tangu alipokuwa wa saba. Alipofika mbele aliweka viganja viwili juu ya mbao ya dirisha.

"Habari za kazi."

"Nzuri, fundi. Karibu."

"Nataka mita yangu ihamishiwe nje. Ukutani upande wa barabara. Mtu aisome bila kubisha."

Yuniti akatoa fomu. Akaanza kuijaza kwa haraka, jina, mtaa, kisha kalamu ikasimama. Aliona kwamba anajaza yote bila kuuliza.

"Namba ya nyumba?"

"Unaijua."

"Lazima niulize, fundi."

Akamtajia. Akaandika.

"Sababu ya kuhamisha?"

"Kuna nafasi kiasi gani hapo?"

"Mstari mmoja."

"Andika mwenyewe. Wewe unajua kulisema jambo kwa maneno machache watu wakaelewa."

Yuniti aliandika: ombi la mwenye nyumba. Masikio yalikuwa yanamwaka. Watu wa nyuma walikuwa wanaongea mambo yao, na akajua kwamba akipaza sauti hata kidogo watanyamaza.

"Fundi," alisema chini kwa chini, "nililitoa kwa sababu nililiona zuri. Sikuwa na zuri jingine."

"Lilikuwa zuri. Ndiyo maana nilikupa wewe." Hakuwa amekasirika hata sasa, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nikijaribu kuiwasha nasikia na kile kicheko. Miaka minne alikuwa ananisubiri mle ndani yeye peke yake. Sasa wananisubiri watu kumi na tano. Nimeizima. Nikirudi ni kimya, nakizoea hivyo hivyo."

Akaisogeza ile fomu kidogo ikae sawa na ukingo wa mbao, kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukata.

"Na uliniuliza jambo, nikasema nitakujibu. Siku ile nilikuja nikiwa nimeshaamua. Nilikuwa nimeamua ndiyo. Nakwambia ili usije ukadhani nilikuwa nakuchezea." Akavuta pumzi. "Sasa ni hapana, Bwana Mita."

Yuniti akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama anayepokea maelekezo. Kufuli la mdomo wake lilikuwa limerudi mahali pake.

"Fundi wa mita atakuja Alhamisi," alisema alipoweza. "Kati ya saa tatu na saa tano."

"Awe mtu asiyenijua."

Fomu haikuwa na nafasi ya ombi kama hilo. Yuniti aliigeuza karatasi, akaliandika nyuma kwa mwandiko wake ulionyooka, akapiga mstari chini yake. Akagonga muhuri, akachana nakala, akampa. Fundi cherehani aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akatoka kwa mlango wa upande ambao hakulazimika kupita mbele ya foleni.

Mtu aliyefuata alikuwa ameshaweka viwiko vyake dirishani. Akainamisha kichwa kumtazama vizuri, uso ukachanua.

"Aa! Bingwa! Kumbe walikuficha huku?"

"Karibu," alisema Yuniti, akavuta fomu nyingine. "Nikusaidie nini?"